Kuchelewa kwa Kigiriki

Fundi Jioni hakuzaliwa mwongo. Uongo aliupata kazini, jinsi wengine wanavyopata maumivu ya mgongo. Alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mzuri kwelikweli, mkono ambao hata mafundi waliomchukia waliusifu wakiwa peke yao, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: hakuwahi kumaliza nguo ya mtu siku aliyosema. Mteja akija na kitambaa, fundi alikipapasa, akakisifu, akampima mwenyewe kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Njoo jioni." Jioni ya siku gani hakusema, na mteja mgeni hakujua kwamba alipaswa kuuliza. Ndipo mtaa ukampa jina hilo, na jina la kwenye kitambulisho likabaki kwenye kitambulisho.

Mteja aliporudi na kukuta kitambaa chake kingali kitambaa, Fundi Jioni hakusema "nimechelewa". Neno hilo halikupita kinywani mwake. Yeye alikuwa na sababu. Umeme umekatika. Sindano imevunjika na muuza sindano kafunga duka. Mambo yakiwa magumu zaidi, tuseme mteja ni mama wa bibi harusi na sauti imeshaanza kupanda, fundi alivua kofia, akainamisha kichwa na kusema kuna msiba. Hapo mteja hana tena la kusema ila pole. Kwa miaka thelathini ya cherehani alikuwa amewazika shangazi wanne, ingawa alijaliwa mmoja, wajomba wasio na idadi, na jirani yake kinyozi, ambaye alimzika mara mbili. Mara ya pili kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama nje ya duka akisubiri suruali yake.

Mtaa ulijifunza kuishi naye. Ukitaka Fundi Jioni afike kwenye shughuli ya saa kumi, unamwambia saa tisa. Mkewe ndiye aliyeanzisha mtindo huo, mwaka wa pili wa ndoa, ukaenea kwa ndugu, kwa majirani, hadi kwa daktari wa meno. Kila saa aliyotajiwa fundi ilikuwa imeshakatwa saa nzima. Tatizo ni kwamba Fundi Jioni hakuwa mjinga. Mwaka wa tatu wa ndoa aliugundua mchezo, akanyamaza kimya, akaanza kuongeza saa moja juu ya kila saa aliyotajiwa. Mke akawa anapunguza, mume anaongeza, hesabu inarudi palepale, na miaka ikapita hivyo, kila mmoja akijiona yeye ndiye mjanja wa nyumba.

Yote hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, lau si habari ya binti.

Binti alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikwenda kwa Wagiriki kusomea uuguzi, akasoma, akapata kazi, akapata na Mgiriki. Harusi ilipopangwa aliwatangazia watu wote wa huko kwamba gauni lake litashonwa na baba yake, na kwamba hawajawahi kuona mshono wa namna hiyo. Alisema kwa majivuno, maana alimpenda sana baba yake, na mkono wa baba aliujua. Fundi akaanza gauni miezi mitano kabla. Siku ya mkewe kusafiri, Jumatatu, gauni lilikuwa na mkono mmoja.

"Tangulia nalo," alimwambia mkewe. "Mkono wa pili nakuja nao mwenyewe Alhamisi."

Tiketi ya Alhamisi alikuwa nayo mfukoni. Ndege ilipokuwa inapakia abiria, Fundi Jioni alikuwa juu ya cherehani akimalizia sare za walinzi ishirini na wawili alizoahidi tangu mwaka uliopita. Binti akaolewa ndani ya gauni la kuazima la wifi yake, mwanamke mrefu wa kupitiliza, na alitembea kanisani ameshika pindo kwa mikono miwili mithili ya mtu anayevuka tope. Alipompigia baba yake kumwuliza kulikoni, baba alivua kofia, ingawa ilikuwa simu tu, akasema kuna msiba.

"Nani?"

"Kinyozi," alisema fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Binti alimlilia kinyozi siku yake ya harusi. Kinyozi huyo ndiye aliyemkata nywele utoto wake wote. Kesho yake akatuma salamu za rambirambi kwa mke wa marehemu, na aliyejibu ni marehemu mwenyewe, aliyemshukuru sana na kumhakikishia kwamba hajambo kabisa. Basi binti akampigia baba yake mara ya mwisho.

"Baba, kuchelewa kwako sina neno nako, nimekuzoea tangu niko mdogo," alisema. "Nilichochoka nacho ni maiti zako." Akakata.

Ikapita miaka saba. Kila Jumapili binti alimpigia mama yake simu ya video, wakaongea saa nzima, na jina la baba halikutajwa. Fundi Jioni alikuwa mlemle ndani. Alipita nyuma ya kiti cha mkewe akijifanya anatafuta mkasi. Akapita tena akijifanya kaupata, na mara ya tatu akiurudisha. Kwa njia hiyo ya mkasi alimwona mjukuu wake akizaliwa, akiota meno na akianza shule. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi na maswali mengi, na yote aliyauliza kwa Kigiriki, kwa sababu Kiswahili chake kiliishia kwenye "bibi" na "sitaki". Maneno mengine binti alimtafsiria mama yake.

Siku moja mtoto akanyoosha kidole kwenye skrini, akauliza kitu kirefu. Binti akatafsiri.

"Anauliza yule mzee wa mkasi ni nani."

"Babu yake," alisema mama, kwa sauti ya kawaida.

Wiki nzima ilipita. Jumapili iliyofuata binti akatoa hukumu, na mama aliifikisha kama alivyoipokea. Mtoto anatimiza miaka sita baada ya miezi miwili, siku ya Jumapili. Anataka kuongea na babu yake. Haya, ataongea naye siku hiyo, saa kumi, dakika chache kabla wageni hawajafika. Mara moja hiyo. "Akichelewa, mama, basi. Mtoto wangu simkabidhi kwa mtu wa kumzoesha kungoja. Na mimi si mkalimani wake. Akitaka kusema na mtoto, aseme mwenyewe."

Fundi Jioni alisikiliza hukumu hiyo akiwa na pini nne mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake wa pini, kisha akatoka bila kuaga na kwenda kwa Mpishi.

Mpishi alikuwa na kantini nyuma ya gereji, meza tatu na jiko moja, lakini kabla ya hapo alikaa miaka kumi na tisa jikoni mwa meli za mizigo za Wagiriki. Alikuwa mnene, mwenye kelele, na suruali yake ilikuwa kwa Fundi Jioni mwezi wa nne sasa.

"Nifundishe Kigiriki," alisema fundi.

"Suruali yangu."

"Nina miezi miwili tu, ndugu yangu. Ni habari ya mjukuu."

"Suruali yangu kwanza, mjukuu baadaye."

Fundi alirudi dukani na kuimaliza suruali kabla jua halijazama. Mpishi aliigeuza mbele na nyuma akitafuta pale ilipokosewa, hakupaona, akakubali. Darasa ni kila siku saa nane, alisema, wateja wa mchana wakishaondoka.

Siku ya kwanza Fundi Jioni alifika saa tisa, maana aliposikia saa nane aliongeza ya kwake kama kawaida. Alikuta mlango umefungwa kwa kitasa na Mpishi yuko ndani anapiga mluzi. Aligonga, aliita, alibembeleza. "Melini ukikosa saa ya chakula umekosa chakula!" Mpishi alijibu kupitia tundu la ufunguo. Huyu mtu alikuwa baharini wakati mtaa unajifunza kupunguza saa, mtindo wenyewe hakuujua, na saa nane yake ilikuwa saa nane. Toka siku hiyo fundi hakuchelewa darasa hata mara moja. Mkewe alimwona akitoka nyumbani saa nane kasoro robo kila siku, mbio mbio, kalamu sikioni, na hakuamini macho yake.

"Tunaanza na argó," alisema Mpishi, akimenya vitunguu. "Sauti iishie juu. Argó."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nachelewa. Au niko polepole. Kwao ni kitu kimoja."

"Mimi nataka maneno ya mtoto, bwana. Nakupenda. Hongera kwa kutimiza miaka sita."

"Kupenda nimekusikia mara mbili tu kwa miaka kumi na tisa," Mpishi alisema, "na mara moja alikuwa anaambiwa paka. Mimi nakufundisha ninachokijua. Argó nilikisikia siku napanda meli, nikakisikia siku nashuka, na katikati sikukisikia chini ya mara kumi kwa siku. Supu inachelewa, argó. Mashine inajikokota, argó. Nahodha hajaamka, hicho hicho. Ukikijua hiki umejua nusu ya maisha yao. Haya, sema. Argó, argís, argí."

"Argó, argís, argí."

"Argúme, argíte, argún!" Na kila neno alilisindikiza kwa kupiga sufuria na upawa.

Mwalimu alijifunza kwa kupigiwa kelele, na mwanafunzi naye akafundishwa kwa kelele. Baada ya wiki mbili Fundi Jioni alikuwa na Kigiriki kizuri cha mtu mwenye hasira. Pasi ikikawia kupata moto, aliikaripia: "Argís!" Paka akijivuta mlangoni, "Argís!" Siku moja chai ilichelewa, akamfokea mkewe vilevile, na mkewe akataka kujua ametukanwa tusi gani.

"Si tusi. Maana yake unachelewa."

Mkewe aliweka birika chini. "Wewe," alisema. "Wewe, uniambie mimi, nachelewa." Alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akaacha kucheka, na chai siku hiyo fundi alijimiminia mwenyewe.

Wiki ya tatu wakaingia wakati uliopita. Ulichelewa ni árgises, alichelewa ni árgise. Fundi aliyamudu bila shida. Mpishi akaridhika, akakata karoti mbili na kuendelea.

"Sasa mimi. Nilichelewa. Árgisa."

Fundi Jioni alikohoa. "Árgises," alisema.

"Hiyo ni wewe. Sema mimi."

"Árgise."

"Huyo ni yule. Sema mimi!"

"Nikisema mimi, si ndiyo nimekubali?"

"Umekubali nini? Hili ni darasa!"

"Hata darasani," alisema fundi, na uso wake haukuwa na mzaha. Mpishi alimtazama akaona jasho kwenye mdomo wa juu. Hapo alifunika sufuria yake, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaongea bila kupiga kitu chochote. Alimwambia kwamba hata yeye melini hakulitumia sana neno hilo. Melini kila mtu alikuwa na pa kuegemea.

"Wakikuuliza yatí, yaani kwa nini, wewe unasema i mihaní. Mashine. Mashine haina mdomo, haitajitokeza kukukana kama yule kinyozi wako. Au unasema o kerós, hali ya hewa. Hiyo nayo haina mwenyewe."

Visingizio hivyo Fundi Jioni alivishika siku ileile, vyote, kwa mara moja. Árgisa ilimchukua siku nane. Aliitoa mwishowe kwa sauti ndogo ya mgonjwa anayeomba maji, na Mpishi akampa mkono wenye maganda ya vitunguu.

Wiki za mwisho wakatunga hotuba. Ilikuwa sentensi nne. Mimi ni babu yako. Nashona nguo. Umetimiza miaka sita. Uishi miaka mingi. Mpishi alilikumbuka neno "babu" kwa kuwa ndivyo walivyomwita baharia mmoja mzee wa kufunga kamba melini, na hiyo ya miaka mingi aliisikia kila siku ya kuzaliwa ya mtu, hata ya paka. Fundi aliipeleka hotuba kila mahali, akaisema juu ya cherehani, akaisema bafuni, akamsemea kinyozi, ambaye alimsikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kuzikwa mara tatu.

Jumapili ikafika. Asubuhi mkewe alikaa kitandani akimtazama akipiga pasi suti, na moyo ukamlainika. Alifikiri: huyu mtu kabadilika. Wiki nane anawahi darasa, hakatiwi saa wala hasukumwi. Miaka yote namkatia saa mtu mzima kana kwamba ni mtoto mchanga. Leo nimheshimu. Leo nimwambie saa yenyewe.

"Simu ni saa kumi," alisema.

Mume aliitikia kwa kichwa. Hakufikiri hata kidogo, mkono wa hesabu ulikwenda wenyewe: saa kumi ya mke wangu ni saa kumi na moja. Muda tele. Akavaa suti, akapita kwa Mpishi kuipiga hotuba msasa wa mwisho, wakaisema mara sita, wakanywa kahawa, wakaisema tena. Saa kumi na dakika ishirini akasimama.

"Nakwenda sasa hivi," alisema. "Leo nataka kuwahi."

Alitembea kwa madaha, katikati ya barabara. Alipofika kwa kinyozi alisimama makusudi ili aonekane. "Nimewahi nusu saa nzima!" alitangaza, na kinyozi akaitazama saa ya ukutani, akamtazama yeye, na kwa kuwa hakujua anawahi nini, alimpongeza.

Mlangoni kwake alikutana na mkewe uso kwa uso. Mke alikuwa ameiegemeza simu kwenye cherehani ya pale nyumbani, sebuleni, na kuiwekea mto mbele, naye ameruka hadi mlangoni aliposikia kiatu.

"Ulikuwa wapi?" alinong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa mkali kuliko kelele.

"Nimewahi nusu saa," alisema fundi kwa furaha.

"Umewahi nini? Nilikuambia saa kumi!"

"Saa kumi yako ni saa kumi na moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili wa ndoa, mama. Unapunguza, naongeza."

"Ulikuwa unajua?"

"Miaka yote."

"Leo nilikuambia saa kumi ya kweli! Nilisema mume wangu kabadilika, leo nisimdanganye!"

"Sasa si ungesema kama ni ya kweli!"

Walitazamana. Miaka thelathini na zaidi ya ndoa ilisimama pale mlangoni nao, na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Kisha fundi akatupa macho sebuleni. Aliona pazia limeshushwa, kikapu cha vifungo kimemwagwa mezani, mdoli wa kupimia nguo amevutwa katikati ya chumba na kuvikwa kofia. Nusu saa nzima mke wake, mwanamke asiyependa uongo, alikuwa akimwonyesha mtoto mapazia na vifungo na kusema babu yuko mlangoni, babu anavua viatu, babu anakuja sasa hivi.

"Mama!" sauti ya binti ilitoka chini ya mto. "Mama, wageni wanaingia. Nakata. Na usiniambie kuna msiba."

Fundi Jioni alimkwepa mdoli. Aliuondoa mto, akaishika simu kwa mikono miwili, na mbele yake akamwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza bila kumpitia mtu begani. Gauni la njano. Chokoleti kidevuni. Nyuma ya mtoto kulikuwa na maputo, na pembeni, nusu ndani ya picha, binti yake amesimama mikono kifuani, mnene kidogo kuliko zamani, na uso umefungwa.

Hotuba ikayeyuka. Sentensi nne za miezi miwili, hakubaki hata na ya kuanzia. Alitafuta babu, hakumpata. Alitafuta miaka mingi, haipo. Lililobaki kichwani ni lile lililogongwa kwa upawa.

"Árgisa," alisema.

Mtoto alisogea karibu hadi skrini ikajaa jicho. Alimkagua mzee wa mkasi, hana mkasi. Kisha akauliza neno moja, na neno lenyewe fundi alilijua.

"Yatí?"

Kwa nini. Haya ndiyo mambo aliyoyaweza duniani. Jibu lilipanda lenyewe, i mihaní, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Na nyuma yake lilikuja jingine, zuri kuliko yote aliyowahi kuyatunga kwa miaka thelathini, kwa sababu hili lilikuwa kweli: nilitajiwa saa tofauti na siku zote. Nilidhani bibi yako kanipunguzia. Fundi aligeuka akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa meza, na usoni alikuwa amekubali kabisa kutajwa. Angetajwa, asingebisha.

Fundi aliona aibu. Ilimjia moto, masikioni, aibu ya kweli ambayo hakuwa ameisikia hata siku ya ndege. Mwanamke huyu alianza kumkatia saa kwa sababu gani? Na sare za walinzi, nani alimkatia saa siku ile? Aliirudisha simu usawa wa uso wake, na Kigiriki kikamwishia, kwani la kusema sasa Mpishi hakulisikia melini.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa anamwambia mtoto. "Najua si kazi yako. Mtafsirie hili moja tu. Mwambie sina sababu."

Binti alikunjua mikono. Maputo yaligongana nyuma yake. Aliposema, lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba yake kwa miaka saba, na lilitoka kavu.

"Ya leo, au za siku zote?"

"Zote."

Binti alichuchumaa karibu na mtoto na kumwambia. Alieleza kirefu, kirefu sana kupita maneno mawili aliyopewa, na fundi alikamata humo neno moja tu, lile lake la kuchelewa, likipita mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Mtoto alisikiliza kwa makini, amekunja uso. Kisha akauliza swali, na binti akafuta pua kwa kiganja kabla ya kulipitisha.

"Anauliza, ulikuwa unakuja kwa miguu?"

Fundi Jioni alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo, vyote kwa pamoja. Mtoto wa miaka sita alikuwa amemshonea sababu, na ilimkaa barabara. Mzee wa watu, nchi ya mbali, anakuja kwa miguu, mvua, jua, miaka saba. Nani angemlaumu?

"Mwambie ndi..."

"Baba," alisema binti.

Alimtazama tu kwenye skrini, na mtoto naye akawa anamtazama.

"Mwambie hapana," alisema fundi. "Mwambie nilikuwa nimekaa."

Binti akamgeukia mtoto, akamwambia hivyo hivyo. Kengele ya mlango ikalia kule kwao, ikalia tena. Hakuinuka. Alimpigia mumewe kelele akafungue yeye, akavuta kiti mbele ya simu na kumpakata mtoto.